Kadi Moja Kwenye Rafu ya Kumi na Nne

Mgeni wetu rasmi Mheshimiwa Katibu, Mkurugenzi wetu, Mama Kadi tunayekuaga leo, na wenzetu wote,

MAKARIBISHO
Karibu. Kiti ulichokalia kimefutwa mara mbili. Mimi ni msukuma mkokoteni wa majalada. Shule niliiachia darasa la tano, lakini wenzangu wamenichagua nisome risala hii, kwa sababu wote waliosoma zaidi wameamka na mafua.

HISTORIA
Mama Kadi aliingia hapa miaka thelathini na minane iliyopita kufuta vumbi. Nyaraka zilikuwa sakafuni, na panya walizisoma kuliko watu. Leo anaondoka akiwa Mhifadhi Mkuu.

MAFANIKIO
Alileta sheria moja: ukiazima jalada, unaacha mahali pake kadi yenye jina, tarehe na saini. Mkurugenzi mmoja wa zamani alimwambia, "Mama, si unanijua?" Akamjibu, "Nakujua, baba. Rafu haikujui." Akasaini.

Kwa sheria hiyo watu wamepata viwanja vyao, na mzee mmoja amepata ndugu ambaye hakumtaka.

CHANGAMOTO
Paa linavuja, tumezoea. Taa mbili haziwaki, njia tunaijua. Imebaki changamoto moja.

Kwenye rafu ya kumi na nne lilikuwapo daftari la vizazi la hospitali, la miaka sitini iliyopita. Sasa ipo kadi. Ina miaka minane pale. Mama ameandika barua kumi na sita za kukumbusha, na nakala zake zipo. Jina lililo kwenye kadi hatulitaji, kwa heshima ya shughuli. Saini inasomeka vizuri.

Kila Jumatatu huja watu waliozaliwa mwaka ule, wakitaka uthibitisho wapate kustaafu. Tunawaambia hawajazaliwa bado. Wiki iliyopita bibi mmoja, mpishi wa shule, alituuliza, "Sasa wanangu, huu mgongo unaoniuma ni wa nani?"

Mheshimiwa, wewe na Mama Kadi mlikaa dawati moja darasa la kwanza. Picha ipo, rafu ya tisa. Yeye leo ametimiza sitini. Wewe, kwa mujibu wa magazeti, mwaka huu tena umetimiza hamsini na miwili, na tunakupongeza. Mama naye yumo kwenye daftari lile. Kwa kuwa halipo, angeweza kutaja umri wowote. Alitaja sitini.

OMBI
Hatuombi gari. Hata paa hatuombi. Fomu ya makabidhiano ina mstari usemao "vyote vipo", na Mama hajawahi kusaini uongo. Asiposaini, hastaafu. Miguu yake imevimba kwa kupanda ngazi za rafu, na binti yake anamsubiri getini, vyombo vyote vimeshapakiwa. Mama amemwambia, "Shusha, mwanangu. Kesho niko kazini."

Dereva wako anaijua njia ya nyumbani kwako. Sisi tutasubiri, keki haijakatwa. Kadi nimeitoa rafuni leo asubuhi, ninayo mfukoni. Daftari likirudi, kadi hurudishwa kwa mwenyewe, na hapa hatuna tabia ya kuuliza maswali.

Mungu akujalie miaka mingi, juu ya ile uliyo nayo tayari.

Ni sisi wafanyakazi wa hifadhi ya nyaraka. Tupo wote, hakuna aliyeazimwa.