Fiati Aliyoiuza Yotamu

Tusekile alikosa nafasi karibu na mumewe, akakaa kiti cha nyuma yake, mtoto mapajani. Basi lilipopita Igawa, Yotamu alidhani mkewe kalala, akaanza kumsimulia abiria mwenzake habari za Fiati ndogo aliyoiuza. Mwenzake huyo, Masunga, alikuwa mfugaji wa Usangu, na hajapata kusikia kitu kisichotoa maziwa kikisifiwa namna ile.

“Niliifunga kabureta mbili, nikaishusha springi, ekzosi nikaichomelea mwenyewe. Mlima Nyoka ilikuwa inaupanda huku inaimba.”

“Gari la kukaa chini hivyo linabeba nini?” Masunga akauliza. “Na mama watoto angekaa wapi?”

“Mbele. Anashika dashibodi, anacheka, ananiambia niongeze mwendo.”

Tusekile alikuwa amekisahau kicheko hicho. Alichokumbuka ni siku ile, mimba ikiwa kubwa, alipomwambia mumewe achague, gari au amani ya nyumba. Yotamu alijibu kwamba hata hivyo ameshaichoka.

“Sasa uliiuza ya nini?”

“Mtoto alikuwa anakuja.”

“Basi ulifanya vizuri, ndugu yangu.”

“Sijasema nilifanya vibaya. Nasema naikumbuka.”

Masunga alikuwa bado anabisha kwamba ng'ombe wawili wangemfaa zaidi, basi liliposimama Mafinga. Yotamu akageuka ampokee mkewe mtoto.

“Uliniambia umeichoka,” Tusekile akasema.

Yotamu akasema anawahi mizigo juu ya basi, isije ikachukuliwa na watu wengine.