Mama Likizo Anafunika Hadubini Yake

Tik. Ni sauti ndogo tu, ya swichi ya hadubini ikizimwa, lakini imenikaa masikioni kuliko hotuba zote nilizowahi kusikia kazini. Aliyeizima ni Mama Likizo. Hadubini haikuwa yake, ilikuwa yangu, na macho yangu yalikuwa bado kwenye lenzi. Mama huyu anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne katika maabara ya hospitali yetu, na kazi ya kuandika habari zake nimepewa mimi.

Mkuu wa maabara aliniomba, kwa nia njema kabisa, niandike kwamba mama huyu hakuwahi kukosa kazini. Ndivyo wastaafu wanavyosifiwa. Lakini si kweli. Mama Likizo alikosa kazini kila mwaka, kwa siku zote za likizo alizostahili, bila kubakiza hata moja. Jina hilo tulimbandika kwa kejeli, naye akalivaa kama koti lililoshonwa kwa kipimo chake.

Alianza akiwa binti mdogo, akiosha slaidi, yaani vile vioo vidogo vya kuwekea sampuli, na kuchanganya rangi za kupaka sampuli. Baadaye akapewa meza ya damu, ile iliyo karibu na dirisha la korido, na hapo ndipo alipowafundisha nusu ya watu mnaowaona leo wamevaa makoti meupe. Utaratibu wetu wa kila slaidi yenye shaka kusomwa na watu wawili kabla ya majibu kwenda kwa daktari ni wake. Aliupigania mpaka wakubwa wakachoka kumkatalia.

Alikuwa na desturi moja iliyowashangaza wageni. Kila msomaji wa slaidi huziweka lenzi zilingane na macho yake, na wengi wetu hununa mtu akizigusa. Yeye, jioni ya kwenda likizo, alizilegeza zote mbili kwa mkono wake, akafunika hadubini kwa kitambaa chake cha maua, kisha akamwita atakayekaa pale azipange upya kwa macho yake mwenyewe. Alisema kiti kikizoea kalio moja, mwisho humla mwenye kalio.

Hakuzaliwa akilijua hilo. Katika ujana wake alipitisha miaka bila kupumzika, akiamini kwamba maabara ingeanguka. Asubuhi moja kantini, mpishi alimkuta ameinamia kikombe, kidole gumba kikibonyeza meza kama kinachobonyeza mashine ya kuhesabia seli za damu. Mpishi akauliza kama chai ina kasoro. Akamjibu, bila kuinua kichwa, kwamba seli nyeupe zimezidi. Alikuwa anahesabu povu la maziwa. Kantini nzima ilicheka, naye akacheka pia, halafu akaenda chooni kulia. Wiki iliyofuata aliomba likizo yake ya kwanza.

Hadithi hiyo alinisimulia mwaka huu, mashine ya kuhesabu damu ilipoharibika na kazi yote ikarudi kwenye macho yetu. Mimi nilikuwa sijawahi kwenda likizo tangu niajiriwe. Nilikuwa nimefika mahali pa kulala nimeuma meno, pa kurudi kutoka getini kuhakikisha kama nimefunga friji ya sampuli, pa kushtuka moyo simu ikilia hata kama ni mama yangu. Mama yangu kila mara aliuliza swali lile lile, kama nitakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mwenzangu wa meza ya mkojo, tunayemwita Profesa, alinitania kwamba hata hadubini hupoa, mimi tu ndiye sipoi.

Siku ile nilikuwa nasoma slaidi moja kwa mara ya tatu, kwa sababu nikifika mwisho sikumbuki nilichokiona mwanzoni. Ndipo nikasikia tik, na mbele yangu pakawa giza.

“Mwanangu, hii ni damu ya mtu,” alisema. “Haistahili jicho lililochoka.”

“Mama, nikiondoka nani atasoma?”

“Atakayesoma ukifa.”

Profesa alicheka mpaka akaweka chupa chini. Mimi sikucheka. Mama Likizo aliisoma slaidi ile mwenyewe, akaandika majibu, akanirudishia kiti.

Tangu hapo nimekuwa na hofu ambayo sikuweza kumwambia mtu. Naiogopa Jumatatu ya kwanza bila yeye. Nani atapita nyuma ya viti vyetu na kujua, kwa kuangalia mabega tu, nani ameelemewa? Sisi wa umri wangu tunaiona likizo kama zawadi ya aliyemaliza kazi, na kazi haiishi. Tunajisifu kwa macho mekundu. Yeye aliichukulia likizo kama kunawa mikono kati ya sampuli moja na nyingine, yaani ni sehemu ya kazi, na asiyenawa anamdhuru mgonjwa kabla ya kujidhuru mwenyewe.

Mama, tunakushukuru kwa macho uliyotufungua na kwa yale uliyotulazimisha kuyafumba. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na kengele, miguu isiyouma, na chai yenye povu ambalo halihesabiwi na mtu.

Anayewasomea maneno haya ni Profesa, na nimemsihi asiyatie vichekesho vyake. Mimi simo ukumbini. Jana jioni nililegeza lenzi zangu, nikafunika hadubini kwa kitambaa cha maua nilichorithishwa, nikamwita Profesa akae. Nilirudi kutoka getini mara moja kuangalia friji. Ilikuwa imefungwa. Nilipomuaga Mama Likizo na kumwomba radhi kwa kuikosa sherehe yake, aliuliza tu basi linaondoka saa ngapi. Sasa niko njiani kwenda kwa mama yangu, na simu ya kazi iko kwenye droo ya meza ya damu. Safari hii swichi nimeizima mwenyewe.