Historia ya Mama Nyundo, Aliyeziba Boti kwa Mgongo Wake

Ndugu, jamaa, marafiki na mafundi wenzake, familia imenituma niwasomee maisha ya mpendwa wetu, mliyemzoea kwa jina la Mama Nyundo, kwa kuwa hakuiamini boti yoyote kabla ya kuigongagonga kwa kinyundo chake na kuisikiliza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957, mtoto wa pili wa seremala na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akamaliza shule ya msingi mwaka 1971, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, msichana pekee darasani, na wenzake walipomtania kwamba atavunja kucha, aliwajibu kuwa kucha huota, wao wachunge vidole.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika karakana ya maboti, akajifunza kazi ya faibaglasi, yaani vitambaa vya nyuzi za kioo vinavyogandishwa kwa gundi ya rezini, na tarehe 6 Februari 1982 alifunga ndoa na mshona matanga, mwanamume wa maneno mengi na subira haba, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Mwaka 1994 walinunua boti kuukuu ya matanga. Marehemu alipougonga ubavu wa boti karibu na mkuku, ule uti wake wa chini, badala ya mlio mkavu alisikia mlio mzito, kama wa boga bovu, akajua kwamba chini ya kiraka cha fundi wa zamani tabaka za faibaglasi zimeachana na kunywa maji. Alitaka kuuchimba ubavu wote, mumewe akataka rangi tu, wakabishana mpaka majirani wakachoka kusikiliza, na mwishowe, watoto wakiwa wameshafunga mabegi ya safari ya kwanza, marehemu aliinamisha kichwa, akasema, "Haya, twende."

Tarehe 3 Desemba mwaka huohuo, nchi kavu ikiwa imebaki mstari mwembamba nyuma yao, binti alilalamika kwamba miguu yake imelowa, marehemu akashuka chini, akakuta kiraka kimefumuka na maji yanaingia kwa kila wimbi, akang'oa godoro la kitanda cha boti, akalikandamiza pale kwa mgongo, miguu ameikaza kwenye ukuta wa pili. Mumewe akachungulia, akauliza, "Mke wangu, tundu ni kubwa?" naye akajibu, "Usinisemeshe, geuza boti, na mtoto asiache pampu!" Walirudi hivyo, boti imelemea upande mmoja, mdogo analia, binti anasukuma pampu, maji yamemfika mama yao kifuani, na kila wimbi likimpiga kwenye uti wa mgongo kama mdai anayegonga mlango. Mchanga ulipokwaruza chini, mumewe aliruka kumnyanyua, akakuta hawezi kusimama.

Hakumlaumu mumewe, alijilaumu yeye kwa ile "haya", na nyumba ikapoa, watu wakasalimiana kama wapangaji. Alipopata nguvu aliukata ubavu ule, akauacha wazi kiangazi chote ukauke, akasaga kingo, akapanga vitambaa vya faibaglasi, kila kimoja kipana kuliko cha chini yake, akavilowesha kwa rezini na kuyatoa mapovu kwa rola. Mumewe alikuja kumshikia taa bila kuitwa, akasema, "Ukisema bado, ni bado." Waliisafiria boti ile miaka kumi na tisa, wala ubavu haukupitisha tone.

Mwaka 2019 marehemu alianza kukohoa, kifua kikiwa kimechoshwa na vumbi alilolivuta ujanani, barakoa zikiwa bado hazijazoeleka karakanani, akalazwa mara tatu, akigombana na wauguzi kila walipomkataza kukaa dirishani, na asubuhi ya tarehe 9 Juni 2023 alifariki dunia, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliopika na kukesha nasi, na mafundi wa karakana mliolibeba jeneza lake. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu wanne.

Umefanya kazi ya kutosha, Mama Nyundo, sasa pumzika kwa amani.