Fikirini Anaalika Watu

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Fikirini fundi bati, Majengo, pale njia ya stesheni inapokutana na njia ya sokoni. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya magogo mawili, na kila mtu ana mahali pake. Mimi nashona viatu, nakaa mwisho wa kulia karibu na kazi yangu. Salehe tunamwita Bwana Reli, kwa kuwa anafanya kazi stesheni na anaamini kila jambo duniani lina saa yake. Leodegar wa Kibosho tunamwita Padri. Si padri, ana mke na watoto saba, ila aliwahi kupika jikoni misheni miezi tisa, na tangu hapo hakuna sherehe asiyoijua. Zaidi muuza kahawa huweka birika lake miguuni petu saa kumi, huondoka likiisha. Siku hiyo Fikirini alifunga kibanda mapema, naye hana desturi hiyo. Akaja kukaa katikati yetu, mikono magotini. Sababu tuliijua. Kesho yake adhuhuri alikuwa anamfanyia mwanawe akika, yaani kumchinjia mbuzi na kulisha watu, na maisha yake yote hajawahi kualika watu nyumbani, hata kwa chai. Alikulia mashambani kwa Wazungu, bila baba wala mama, akatoka huko na nyundo tu. Watoto alishazika wawili. Mmoja alikaa siku kumi na mbili, wa pili siku thelathini na tatu. Huyu wa tatu siku hiyo alikuwa ametimiza arobaini.

— Umealika wangapi? akauliza Salehe.

— Thelathini.

— Basi pikia sitini.

— Sitini wa nini, Bwana Reli?

— Thelathini uliowaalika watakuja na ndugu zao. Na wale usiowaalika ndio watakaotangulia kufika. Mimi naona watu wakishuka kwenye treni kila siku, bwana. Wenye tiketi wachache.

Leodegar akamgusa Fikirini bega, akidhani anamtuliza.

— Sitini nao hawatoshi. Mimi nimeshawaambia wazee wa kwetu mlimani.

— Umewaambia wazee gani?

— Watano tu. Labda wanane. Walisikia habari ya nyama wakaniuliza, ningesemaje? Sasa wakija watataka kisusio.

Kisusio, kwa asiyekijua, ni mchuzi wa mlimani unaotiwa damu ya mbuzi.

— Padri, unajua damu kwangu hailiki, akasema Fikirini.

— Najua, ndugu yangu. Nitawaeleza. Wasiwasi wangu ni mzee Aminieli. Akikosa kisusio hanuni wala hagombi. Ananyamaza tu. Na akinyamaza yeye, wote wananyamaza.

— Ananyamaza kwa muda gani?

Fikirini aliuliza kwa dhati, maskini. Alikuwa anataka kujua ili ajipange.

Zaidi alikuwa anamimina kahawa. Akampa Fikirini kikombe, akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua:

— Mbuzi atachinja nani?

— Salehe.

— Na kukata nyama?

— Padri. Yeye ndiye mpishi.

— Padri anajua kwamba mbuzi wa akika havunjwi mfupa?

Tukamgeukia Leodegar sote. Kwake ilikuwa habari mpya.

— Havunjwi mfupa vipi?

— Hata mmoja, akasema Zaidi. Unapita kwenye viungo, unatenganisha taratibu. Ni kumwombea mtoto naye awe mzima, viungo vyake visalimike.

— Mbona hamkuniambia? Sisi kwetu tunakata kwa shoka. Nimeshalinoa tangu jana.

Niliona rangi ikimtoka Fikirini usoni. Akashika ubao wa benchi kwa mkono mmoja, kikombe akakiweka chini.

— Padri, naomba shoka lisije.

— Haliji. Basi, haliji. Nitatumia kisu kidogo. Nitamkata polepole kama namvua koti.

— Hata usipovunja wewe, wapo wa kuvunja, akasema Salehe. Mbwa wa jirani yako Filbert anavunja mfupa wa ng'ombe, seuze wa mbuzi. Mifupa yote ikusanywe, ihesabiwe, izikwe.

— Na wageni? akauliza Zaidi. Kuna watu hawaachi mfupa mpaka wautafune.

— Kweli. Inatakiwa mtu wa kuangalia meno.

— Kuangalia meno ya nani?

— Ya wageni. Anapita na jagi la maji kama anakaribisha, kumbe anachungulia vinywani.

— Mzee Aminieli hana meno, akasema Leodegar.

— Afadhali, akasema Fikirini, na kwa mara ya kwanza siku ile akavuta pumzi.

Nilidhani wataishia hapo. Lakini benchi likishapata mtu mwenye hofu huwa halimwachi mpaka limmalize. Zaidi akasogea karibu, akapunguza sauti.

— Mimi mifupa hainitishi. Mimi naogopa macho. Watu thelathini wana macho sitini.

— Wakiwa sitini yanakuwa mia na ishirini, akasema Salehe.

— Yote hayo yamwangalie mtoto wa siku arobaini na moja! Fikirini, mwanao asitolewe nje. Mfiche chumbani.

— Wageni wanakuja kumwona yeye, Zaidi. Watamwona nani?

— Azima mwingine.

Fikirini hakuelewa. Hata mimi ilinichukua muda.

— Mke wa Gidioni wa pale sokoni ana mtoto wa miezi mitano, Zaidi akaendelea. Mnene, ameshazoea kuangaliwa. Mnamfunga kanga, mnamleta, watu wanamsifu, macho yote yanaishia kwake. Wako amelala ndani salama.

— Yule wa Gidioni ana meno mawili chini, akasema Leodegar.

— Basi asichekeshwe.

— Na wa Gidioni akidhurika? akauliza Fikirini.

Hapo Zaidi akajitia kusuuza vikombe. Salehe akadakia kwamba dawa ni sherehe iwe fupi. Watu wakae saa moja kamili, yeye atakuja na filimbi yake ya stesheni. Leodegar akasema huko mlimani mtu akitolewa kwa filimbi harudi hata kwenye msiba wako. Fikirini alikuwa anageuza shingo kwa huyu na kwa yule, macho yamemtoka, na kila alichoambiwa alikitia moyoni.

Nikawaambia wanyamaze. Nikawaambia mnamtisha mwenzenu, mtu hajalala siku tatu. Halafu, sijui shetani gani alinipitia, nikaongeza langu.

— Jambo la kuogopa ni moja tu, nikasema. Mama yangu alikuwa akituambia kwamba katika kila sherehe kuna mgeni mmoja asiyejulikana. Watu wa mume wanadhani ni wa upande wa mke. Watu wa mke wanadhani ni wa upande wa mume. Anakula vizuri, anasalimia vizuri, anaomba aonyeshwe mtoto. Kahawa ikiletwa hayupo.

Upepo ulikuwa unashuka kutoka mlimani, na bati moja juu ya kibanda likawa linagongagonga. Nilijuta hata sijafunga mdomo.

— Akija nitamjuaje? akauliza Fikirini.

— Utahesabu watu, akasema Salehe.

— Nihesabu wangapi? Nilisema thelathini, ukasema sitini. Padri ameongeza wanane.

— Watano.

— Ulisema labda wanane.

— Sikilizeni, akasema Leodegar. Atajulikana kwa kuuliza nyumba. Jirani haulizi nyumba, na ndugu anakuja na mwenyeji. Ukiona mtu yuko peke yake anauliza nyumba ya Fikirini ni ipi, huyo ndiye. Ruwa, Mungu wa kwetu, atusaidie.

Basi kila mtu akawa anatazama njia.

Akatokea bibi mmoja kutoka upande wa stesheni. Mdogo wa mwili, kanga mbili, kikapu kichwani, miguu imejaa vumbi. Alitembea polepole mpaka mbele ya benchi, akasimama, akatuangalia mmoja mmoja.

— Hamjambo wanangu.

— Hatujambo. Shikamoo, bibi.

— Marahaba. Nyumba ya Fikirini fundi bati ni ipi?

Zaidi akavuta birika lake karibu na miguu. Leodegar akafanya ishara ya msalaba, haraka, chini ya koti. Mimi nilikuwa na sindano mkononi, nikajichoma kidole.

— Umetoka wapi, bibi? akauliza Salehe, na sauti yake haikuwa ya Bwana Reli.

— Kwenye treni.

— Treni imefika saa saba. Sasa saa kumi na moja inakaribia.

— Nilikuwa napumzika njiani. Wewe magoti yako yana miaka mingapi?

Fikirini alikuwa ameshasimama. Akamtazama yule bibi kwa makini, kisha akainama, akampokea kikapu kwa mikono miwili.

— Shikamoo, bibi. Karibu. Sikuambiwa kama unakuja.

— Marahaba, mume wangu. Amne ndiye aliyenitumia salamu. Alisema una hofu.

Tukapumua. Alikuwa Bibi Sikudhani wa Korogwe, bibi yake Amne, mke wa Fikirini, aliyemlea tangu hajaota meno. Leodegar akampisha mahali pake, akafuta ubao kwa kofia. Zaidi akammiminia kahawa ya mwisho mwisho, akamwomba radhi kwa sababu tuliyoijua sisi tu. Bibi akanywa, akamgeukia Fikirini.

— Amne anakula?

— Anakula, bibi. Padri humletea ndizi za supu ya mtori.

— Mtoto ananyonya?

— Ananyonya sana. Usiku mzima.

— Alhamdulillahi. Jina lake nani?

Nikafungua mdomo nimjibu mimi, nikakuta sina cha kusema. Nikamtazama Salehe, naye alikuwa ananitazama mimi. Leodegar aliyepanga mpaka kisu cha kupitisha kwenye viungo alikuwa anaangalia chini. Siku arobaini tulikuwa tumesema mgeni, tumesema yule mwanao, tumesema mdogo hajambo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza.

— Maalim hakumpa jina siku ya saba? akauliza bibi.

— Nilimwomba asubiri. Nikamwambia mbuzi hawajapatikana.

— Hawakuwa wamepatikana?

— Walikuwepo.

Fikirini akakaa tena. Alizungumza akiangalia mikono yake, ile mikono migumu yenye makovu ya bati.

— Wa kwanza nilimwita Adija siku ya saba. Siku ya kumi na mbili nikamzika. Wa pili nilimwita Mwinjuma. Huyo nilimwita kila asubuhi nikitoka na kila jioni nikirudi, mpaka mdomo ukamzoea. Mpaka leo nikigonga bati jina lake linatoka lenyewe. Huyu jina lake ninalo, bibi. Nimekaa nalo siku arobaini, hata Amne sijamwambia. Na kesho maalim ataniuliza mbele ya watu wote.

Akainua uso, akatuangalia wote, si bibi peke yake.

— Nikimwita, atakaa?

Tulikuwa watu wenye jibu la kila kitu. Tulijua idadi ya wageni, tulijua mbwa wa nani ni hatari, tulijua mtoto wa kuazima anapatikana wapi. Zaidi aliinua birika kumimina, likatoa machicha tu, akaliweka chini.

Bibi Sikudhani alimaliza kahawa yake, akanyoosha mkono ainuliwe.

— Nipeleke nikamwone, akasema. Ukishafika mlangoni umwite kwanza wewe, mimi nitakuwa nyuma yako.

Wakaondoka, Fikirini amebeba kikapu, anatembea kwa mwendo wa magoti ya bibi. Tuliwatazama mpaka walipokata kona.

— Shoka langu nitaliacha Kibosho, akasema Leodegar baadaye. Na wazee nitawaambia watano, si wanane.

Salehe akasema filimbi hataileta. Zaidi akaanza kukusanya vikombe vyake avioshe, akakuta kimoja kimejaa mpaka ukingoni, kimepoa. Kilikuwa cha Fikirini. Hakuwa amekunywa hata funda moja.