Unga wa Serikali na Meza ya Bwana

Wiki nzima uvumi ulinikaa kichwani: eti anayepokea unga wa serikali hatakaribishwa tena meza ya Bwana. Leo kwenye basi, mbele yangu walikaa akina mama wawili wenye sare moja ya kanisa, mke wa mzee wa kanisa na mshonaji wa nguo.

“Dada, maskini ni mzigo wa kanisa,” alisema mke wa mzee. “Serikali ikigawa, watu wanazoea kukaa tu.”

“Nani amekaa? Nimeshona mpaka macho yamegoma. Kanisa lilituletea kapu moja na nyimbo tatu.”

“Lilitolewa kwa upendo.”

“Unga wa serikali hauna upendo, mama, lakini ukipikwa unaiva, na wajukuu wangu wanalala.”

Kila mtu ana tumbo, na kila mtu ana mchungaji.

Basi likasimama mbele ya ofisi ya msaada. Mshonaji akashika mkoba, akainuka nusu, akamtazama mwenzake, akakaa.

Wanangu, jiepusheni na haya:
Kubishania dini mkiwa na njaa.
Kuvaa sare ya kanisa siku ya kufuata unga.
Kupitiliza kituo chenu kwa kuogopa jicho la jirani.