Gerald Makarius Mgongolwa, Aliyeomba Wiki Moja ya Kung'oa Gugu Karoti

Kaka yetu mkubwa, marehemu Gerald, alizaliwa Kidete tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa mzee Makarius na mama Hildegarda, wakulima.

Alisoma shule ya msingi hapo Kidete tangu 1969 hadi 1975, akamaliza kidato cha nne mwaka 1979, kisha akasomea kilimo chuoni Ilonga. Katika nyumba yetu yeye ndiye aliyesoma. Sisi wengine tuliishia darasa la saba.

Aliajiriwa kuwa bwana shamba mwaka 1983. Mwaka 1998 alihamishiwa Mikumi, akakaa hapa hadi alipostaafu mwaka 2021. Mwaka 2015 aliona gugu karoti kando ya barabara kuu, mashina sita. Majani yake ni kama ya karoti, maua ni madogo meupe. Ukiligusa unawashwa, ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu, na shina moja humwaga mbegu maelfu. Aliyang'oa yote sita, akaenda kutoa taarifa.

Ofisi ya barabara ilimjibu, "Mzee, eneo ni letu, lakini magugu ni mambo ya kilimo." Kilimo wakasema kando ya barabara si shamba. Watu wa reli wakasema wao husafisha njia ya treni tu. Watu wa hifadhi ya wanyama wakamwonyesha kibao. "Sisi tunaanzia pale." Marehemu akawaambia, "Lile gugu halikwenda shule, kibao halikisomi."

Mwezi Mei 2019 vibarua wa barabara walilifyeka likiwa limeshaenea na kukomaa mbegu. Kina mama wakayabeba majani yale kutandazia nyanya, na masika yaliyofuata likaota mpaka milangoni. Wiki tatu baada ya kufyeka, ofisi nyingine ilikuja kupiga dawa mahali pale pale palipobaki vumbi. Marehemu alisimama akawatazama, akasema, "Mmoja anang'oa, mwenzake anapanda, wa tatu anaosha udongo."

Tangu hapo aliomba jambo moja tu: wiki moja ya Januari, kabla maua hayajatoka, ofisi zote nne zing'oe pamoja na wananchi. Aliandika barua kumi na moja. Kikao kiliitwa mara tatu, na mara zote watu hawakutimia.

Alifunga ndoa na shemeji yetu Letisia tarehe 5 Septemba 1987, wakajaliwa watoto watatu. Siku ya shukrani ya mavuno mwaka 2020, wanakwaya walipamba altare kwa maua ya gugu karoti, maana kweli yanapendeza. Marehemu alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akapita katikati ya watu, akaibeba ndoo ya maua yale nje ibada ikiendelea. Shemeji alimnong'oneza, "Baba Debora, hata mbele ya Mungu?" Akajibu, "Mungu kaliumba, lakini si yeye aliyelileta Mikumi." Padre alingoja mpaka alipomaliza kulichoma.

Mwaka 2018 alikuwa ameanza kuugua pumu. Daktari alimwambia akae mbali na gugu lile. Akamuuliza, "Nikae wapi?" Tarehe 2 Desemba 2025, akiwa hajiwezi, alipanda basi kwenda Kilosa kwenye kikao cha tatu. Alimkuta afisa mmoja na chupa za maji kumi na mbili. Alirudi akalala. Tarehe 19 Januari 2026, saa nne asubuhi, kifua kilibana, akafariki nyumbani akiwa na mkewe.

Leo wamefika wawakilishi wa ofisi zote nne, na wamekaa safu moja. Tunawashukuru sana. Kwa miaka kumi marehemu hakuwahi kuwaona hivyo. Gugu liko hapo nje ya uzio, halijachanua bado, limebakiza wiki mbili hivi. Familia inawaomba, waheshimiwa, mkishakula msipande magari kabla hamjataja siku. Sisi tutakuja wote, hata tuliofiwa.

Marehemu ameacha mjane, Letisia, watoto Debora, Lusekelo na Happiness, wajukuu watano, na wadogo zake, Salome wa Magomeni ya Kilosa, na Imani, anayesoma wasifu huu.

Mungu ampokee, ampe pumziko ambalo hapa hakulipata.