Kichupa Namba 214

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wa marehemu, fundi wa majokofu, shule niliishia darasa la saba na mengine nikajifunza kwa kufungua na kufunga mashine, familia imeniomba niwasomee maisha ya dada, nami nitasoma yaliyokuwepo, sitapaka rangi.

Dada alizaliwa tarehe 14 Aprili 1966, kifungua mimba wa mshona nguo na karani, alianza shule ya msingi mwaka 1973, akamaliza sekondari 1985, akapata shahada ya kemia 1989, na tarehe 12 Desemba 1992 akafunga ndoa na shemeji yetu huyu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili.

Tangu Machi 1990 alifanya kazi katika maabara moja tu, chumba cha ghorofa ya pili chenye dirisha lisilofunguka, akitafuta dawa ndani ya sponji wa baharini, wanyama wasio na miguu wala meno, walioganda kwenye mwamba, wanaojilinda kwa sumu waliyoitengeneza wenyewe, na mwaka 2011 sumu ya mmoja wao iliua seli za saratani kwenye kisahani cha maabara, wenzake wakashangilia, yeye akasema rudieni, wakarudia mara arobaini, ndipo wakamwita Mama Rudia.

Februari 2023 aligundulika ana saratani ya kongosho, damu ikanichemka, nikamwambia dawa unayo mwenyewe kwenye jokofu, unangoja nini, akanijibu, mdogo wangu, kwenye kisahani hata sabuni inaua seli, hii hata panya hajaionja, nikamwita mbishi, nikabamiza mlango, na tarehe 3 Juni 2024, kwa kuwa majokofu ya maabara ile nayatengeneza mimi na ufunguo ninao, nikachukua kichupa namba 214 cha dawa hiyo, nikakipeleka wodini alikolazwa, ndani ya mfuko wa shati.

Alikipokea, nikadhani nimeshinda, akauliza kimetoka kwenye baridi muda gani, nikasema saa mbili zimepita, akasema basi kimekufa, kirudishe sasa hivi, na umweleze mkuu wa maabara kwa mdomo wako, si wewe unayejisifu kila siku kuwa husemi uongo?

Nilikwenda, nikasema, mkuu hakunifokea wala hakuninyang'anya ufunguo, alimpigia dada simu kuuliza aandike nini daftarini, na dada akamtajia neno kwa neno: 214, kimetolewa na mdogo wangu kwa mapenzi, kisitumike.

Alifariki Jumanne tarehe 9 Julai 2024, saa nne asubuhi, mikono yake ikiwa mikononi mwa shemeji na mabinti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomwambia ukweli kila alipouliza, majirani waliopika na kufua bila kuombwa, na wenzake wa maabara, ambao mwezi ujao wanaanza majaribio ya panya kwa vichupa vilivyobaki.

Pumzika kwa amani, Mama Rudia, baridi ya jokofu iko sawa, nimeipima leo asubuhi, kisha nikarudia.